Chagua Mafuta ya Jua Ambayo Mtoto Atayakubali



Jua letu la Shinyanga na Geita ni kali mwaka mzima, kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta. Mkulima wa pamba analijua. Mchunga ng'ombe analijua. Mama anayeponda mawe machimboni analijua pia. Lakini yuko anayeumia kuliko sisi wote. Huyo ni mtoto mwenye ualbino.

Ngozi ya mtu ina rangi ya asili iitwayo melanini. Rangi hii ni kama mwavuli, inaikinga ngozi na jua. Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na rangi hii kidogo sana, au hana kabisa. Ameirithi hali hiyo kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe hawana ualbino. Siyo laana, wala siyo kosa la mama.

Jua likimpiga mtoto huyu, ngozi inaungua na kutoa mabaka na vidonda. Miaka ikipita hivyo hivyo, inaweza kuja saratani ya ngozi, yaani kansa. Saratani hii imewaua wengi wakiwa bado vijana. Lakini inaweza kuzuiwa, na kazi ya kuizuia huanza utotoni.

Katika kijiji kimoja cha Geita nilikutana na mama aliyepewa mafuta ya jua kliniki. Miezi ilikuwa imepita na chupa bado imejaa. Aliniambia, "Mwalimu, mafuta ninayo, lakini mtoto hataki. Nikimpaka analia. Nikigeuka, anajifuta."

Nikamwuliza, "Mayu, umemwuliza mwenyewe kwa nini hataki?" Hakuwahi kumwuliza. Tukamwita mtoto. Akasema, "Yananiuma macho. Halafu vumbi linanata, wenzangu wananicheka."

Mtoto alikuwa na sababu. Mafuta yanayobaki kwenye chupa hayamkingi mtu. Kwa hiyo tuchague mafuta yenye nguvu, tena ambayo mtoto atakubali kupakwa kila siku.

SOMA CHUPA KWANZA

Wewe umehitimu kisomo. Basi tumia kisomo chako.

1. Tafuta herufi SPF na namba iliyo karibu yake. Chagua namba 30 au zaidi. Maana ya 30 ni hii: mafuta yakipakwa vizuri, katika kila sehemu 30 za mionzi inayounguza ngozi, hupita kama sehemu moja tu.

2. Tafuta herufi UVA na UVB. Hiyo ni mionzi ya jua ya aina mbili. Mafuta mazuri huzuia yote miwili.

3. Tafuta herufi EXP. Tarehe iliyo hapo ni ya mwisho wa matumizi. Ikiwa imepita, usinunue.

Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na samli hulainisha ngozi, lakini hayatoshi kuzuia jua. Mkorogo wa kung'arisha ngozi usimpake mtoto kabisa. Huo unaharibu ngozi.

SASA MSIKILIZE MTOTO

Mafuta yakiwa mazito, vumbi la kiangazi linanata. Tafuta yaliyo mepesi, yanayoingia ngozini upesi. Yakiwa na harufu kali, tafuta yasiyo na manukato. Yakimwacha mweupe kama aliyepakwa unga, mpake kidogo kidogo na kusambaza vizuri. Yakimwuma macho, usipake kwenye kope. Hapo kofia yenye ukingo mpana itamkinga.

Kabla ya kuanza mafuta mapya, paka kidogo upande wa ndani wa mkono na ungoje siku moja. Pakiwasha au kuvimba, usiyatumie.

Katika miaka ya 2010 mafuta yaitwayo Kilisun yalianza kutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Hospitali ya KCMC. Yalitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, na yamegawiwa bure katika kliniki za ngozi. Uliza zahanati, hospitali ya wilaya au Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania kama yanapatikana karibu nawe.

NAMNA YA KUPAKA

Mpake nusu saa kabla ya kutoka nje. Kwa uso na shingo, mimina mafuta yanayojaa urefu wa vidole viwili. Wengi wetu tunabania na kupaka kidogo sana. Usisahau masikio, nyuma ya shingo, midomo na juu ya miguu. Akiwa juani, rudia kila baada ya saa mbili, na kila akioga au kutoka jasho. Mawingu yasikudanganye, maana mionzi hupita.

Mtoto wa chini ya miezi sita mkinge kwa kivuli na nguo.

Usimpake kwa kumshika kwa nguvu. Mpake wakati wa kunawa uso asubuhi, iwe desturi kama kupiga mswaki. Mpe kioo, apake mwenyewe, nawe umalizie mgongo. Mtoto akijua kujipaka atajikinga hata usipokuwapo. Kumbuka Shule ya Buhangija, Shinyanga. Baada ya mauaji yaliyotikisa nchi yetu kuanzia miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi walipelekwa kuishi huko, mbali na mama zao.

Chupa iweke mahali pa baridi, kwa mfano karibu na mtungi wa maji. Joto la chini ya bati huharibu mafuta.

MAFUTA PEKE YAKE HAYATOSHI

Mvalishe mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia. Toka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni akae kivulini. Asichunge ng'ombe wala kukaa karibu na karasha juani. Mzungumze na mwalimu wake ili aruhusiwe kuvaa kofia shuleni na kupaka mafuta wakati wa mapumziko. Ukiona kidonda kisichopona mwezi mzima, mpeleke hospitali mapema.

Yule mama wa Geita alibadilishiwa mafuta, akapata mepesi zaidi. Nilipopita tena, mtoto mwenyewe alinionyesha chupa. Ilikuwa imebaki robo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Herufi SPF na namba 30 zina maana gani?
2. Kwa nini samli haifai badala ya mafuta ya jua?
3. Kijiji chetu kifanye nini ili watoto wasimcheke mwenzao aliyepakwa mafuta?