Kitabu cha Kumheshimu Baba? Sina

Swali ni lile lile, aulize mama wa duka la vitambaa, fundi wa kuchomelea vyuma au mzee wa Kisomali anayengoja mahindi yake yasagwe hapa Kisenyi, Kampala: "Mwalimu, una kitabu cha picha cha kumfunza mtoto kumheshimu baba?" Sina. Na kikiletwa bure, sikipangi kwenye rafu.

Vitabu hivyo navijua. Vinauzwa barabarani, karatasi zinang'aa, kila ukurasa na amri yake: msalimie baba, mtii baba, usimjibu baba. Baba mwenyewe amechorwa kasimama wima, tai shingoni, hana kazi nyingine pichani ila kuheshimiwa. Mpe mtoto uone. Atapeperusha kurasa hadi mwisho, kisha aulize kama kuna kingine. Huo si utovu wa adabu. Humo ndani hakuna kinachotokea. Lakini mzazi anavinunua, kama anunuavyo ile chupa moja inayotibu tumbo, mgongo na mikosi.

Amri mtoto wa miaka sita anazo tele. Anapewa shuleni, anapewa madrasa au kanisani, anapewa nyumbani na kofi juu yake. Anachokosa ni nafasi ya kumtazama baba kwa utulivu, bila kutumwa wala kukemewa.

Chukua "Simbegwire" ya Rukia Nantale wa Uganda, yenye picha za Benjamin Mitchley, iliyotolewa katika mkusanyiko wa hadithi za watoto wa African Storybook. Mama amefariki. Baba na binti wanapika pamoja, wanaosha vyombo, wanafanya kazi za shule. Kisha baba anamleta nyumbani mwanamke aitwaye Anita. Kazi zinamzidi mtoto, uso unamshuka, na baba, kwa furaha zake, haoni. Anasafiri kikazi. Anita anampiga mtoto, na blanketi aliloachiwa na mama yake linanasa kwenye msumari na kupasuka. Simbegwire anatoroka, anapanda mti, na anayemkuta ni shangazi yake, dada wa baba.

Baba akirudi na kuuliza, Anita anasema alitaka kuheshimiwa, labda alizidisha ukali. Ukurasa huo huwa nawasomea wazazi mara mbili, nikiwatazama usoni.

Baba anamfuata binti kijijini. Mtoto anamwona kwa mbali, anakimbilia ndani kujificha, maana anaogopa huenda baba amekasirika. Kiboko hakuna, hotuba hakuna. Baba anamwambia anampenda na anajivunia yeye, na wanakubaliana akae kwa shangazi kadiri apendavyo. Kila siku anakwenda kumwona. Baadaye Anita naye anakuja kuomba radhi.

Hapo wazazi hunijia juu: baba kukosea kitabuni, si mtoto atamdharau wa kwake? Jamani! Mtoto anayelala chumba kimoja na wazazi wake, akisikia kila neno la usiku, hangoji Rukia Nantale amfunulie kwamba baba hukosea. Hilo analijua tangu zamani. Asilolijua ni kwamba baba aweza kukosea, akafunga safari, akamfuata aliyeumia, naye akabaki baba.

Wala si lazima baba akosee. Mtanzania Tololwa Mollel alitoa "My Rows and Piles of Coins" mwaka 1999. Saruni anaweka senti zake anunue baiskeli ya kumsaidia mama kubeba mizigo ya sokoni. Hazitoshi. Baba akipata pikipiki, anamuuzia baiskeli yake kuukuu kwa akiba hiyo, kisha anamrudishia fedha zote. Nidhamu ya fedha haihubiriwi popote. Mtoto mmoja mbele yangu aliuliza tu, "Sasa kwa nini alizipokea kwanza?" Kitabu kizima kimo katika swali hilo.

Mengine ni mepesi. Cha Mollel ni cha Kiingereza. Kisimulie kwa lugha unayootea ndoto. "Simbegwire" ipo kwa Kiswahili na Kisomali, bure, kwenye simu. Leseni yake inaruhusu kuchapa, basi ipelekeni kwa wachapaji wa Nasser Road mkachapishe nakala za mtaa mzima. Baba hasomi? Asome picha, ataje anachokiona, mtoto ndiye afungue kurasa. Baba yuko ughaibuni, au hayupo kabisa? Kitabu msifiche; asome mjomba, asome bibi, na mtoto akiuliza ajibiwe ukweli unaomtosha. Usimalizie kwa "umejifunza nini?" Na kwa kuwa "Simbegwire" ni ndefu na ina kipigo, aliye chini ya miaka mitano mtafutieni hadithi fupi kwenye mkusanyiko huo huo wa African Storybook.