Mila za Wageni na Mizani ya Muislamu

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, mila ya taifa jingine ikiingia majumbani mwetu, je, tuikatae kwa kuwa imetoka kwa wageni? Natuitazame safari ya tarabushi, kofia nyekundu yenye kishada, katika nchi ya Waturuki.

Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili aliwaamrisha watumishi wa dola yake waache vilemba, wavae tarabushi. Wapo walioichukia, wakaiona ni uzushi. Miaka ikapita, watu wakaizoea hata wakaihesabu kuwa alama ya Uislamu. Ilhali nyingi zilikuwa zikitengenezwa Austria. Mwaka 1908, Austria-Hungary ilipoitwaa Bosnia, Waturuki waligomea bidhaa zake, tarabushi zikiwamo.

Kisha ikaja Sheria ya Kofia ya Novemba 1925. Serikali ya Mustafa Kemal iliipiga marufuku tarabushi, ikaifanya kofia ya Kizungu kuwa vazi rasmi la kichwa. Mwanachuoni İskilipli Mehmed Atıf, ambaye kabla ya sheria hiyo alikuwa ameandika kijitabu cha kukataza kuwaiga Wazungu, alinyongwa mwaka 1926.

Zingatieni: walichokiita mababu uzushi, wajukuu walikitetea kama dini.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, asili ya kitu peke yake haikiharamishi wala haikihalalishi. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, yatufunza kuwa mataifa yameumbwa yapate kujuana. Na wanavyuoni wa fikihi huizingatia ada maadamu haipingani na Sheria. Pili, kuazima kwa hiari si sawa na kushurutishwa. Mwenye nguvu amvuapo mtu vazi lake, humfunza pia kujidharau.

Basi kila ada mpya, iwe ya mavazi, ya arusi au ya mazungumzo, tuipime hivi: Je, yavunja amri ya Mwenyezi Mungu? Je, yaleta israfu na madeni? Je, yawafanya watoto wawaonee haya wazee wao? Ikisalimika, tusiwagombeze vijana kwa ajili yake. Isiposalimika, tuiache, ijapokuwa tumeirithi kwa babu zetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie busara ya kupambanua. Amin.