Nyota ya Mpingo haisafishwi

Swali linalonifikia zaidi kutoka Ujiji na Mwanga ni hili: "Nimeambiwa nyota yangu imefunikwa, nikasafishiwe wapi?" Matangazo ya wasafisha nyota yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, na watu wanauza hadi nyavu kulipia usafishaji huo. Nitajibu kwa nyota iliyo yetu kweli.

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha majina kutoka Tanzania: nyota WASP-71 ikaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Tanzanite ina uzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, na imeisogelea nyota yake mno hata mwaka wake ni siku 2.9 tu. Iligunduliwa kwa sababu mwanga wa Mpingo hufifia kidogo kila sayari inapokatiza, kama mvuvi wa dagaa anapopita mbele ya karabai nawe umesimama ufukweni Kibirizi.

Hapa ndipo penye utamu. Kwa hesabu za Newton, sayari iliyo peke yake na nyota yake huchora umbo la yai na kurudi palepale daima. Utaridi, sayari iliyo jirani kabisa na jua, haikutii. Mwaka 1859 Mfaransa Le Verrier alionyesha kuwa yai la Utaridi lenyewe linageuka, kupita kiasi kinachoelezwa na mvuto wa sayari nyingine. Gawa digrii moja vipande 3,600: ziada ni vipande 43 kwa miaka 100. Ikabuniwa sayari iliyojificha, Vulcan. Haikuwepo. Novemba 1915 Einstein akalifumbua fumbo hilo: jua hupinda anga na wakati, hivyo karibu yake mvuto huzidi kidogo ule wa Newton. Sayari ikikaribia hukunjwa zaidi, na ikitoka huwa imepitiliza pale ilipoanzia. Chora kwa kijiti kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, bila kuinua mkono: yai halifungi, linaangukia pembeni, jingine linafuata, mwisho unapata ua.

Nyota ikiwa nzito na sayari ikiwa karibu, yai hugeuka upesi zaidi. Nimeikokotolea Tanzanite: karibu digrii 4.5 kwa miaka 100, zaidi ya mara 350 ya Utaridi! Ila njia yake ni karibu duara kamili, na duara likigeuka hulioni. Ndiyo maana macho ya watafiti yako kwa sayari nyingine, HD 80606 b, yenye yai refu kupindukia. Watafiti walikokotoa mwaka 2019 kwamba katika miaka 10 muda kati ya sayari hiyo kupita nyuma ya nyota yake na kukatiza mbele yake hupungua kwa dakika 3 hivi.

Ziwa letu nusura liingie katika habari hii. Waingereza walipotafuta kituo cha kupima kama jua kweli hupinda anga, kama alivyosema Einstein, jua litakapopatwa tarehe 29 Mei 1919, ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika ulifikiriwa. Wakaenda kisiwa cha Principe, na Sobral nchini Brazil.

Turudi kwa wasafisha nyota: hakuna popote katika hesabu hizi palipo na jina la mama yako, ndimu wala kuku mweusi. Anayekutoza kwa hayo anakuibia. Kilichokupeleka kwake ni homa? Pima malaria. Mimba haishiki? Mpimwe wote wawili, mume na mke.

Na Utaridi unaweza kuiona mwenyewe. Majira yake ya jioni yakifika, subiri Ujiji jua lizame kabisa, kisha tazama juu kidogo ya milima ya Congo. Haikai muda mrefu.