Kwa Nini Taya la Mtoto Mwenye Selimundu Hutokeza Mbele?

Katika semina zetu za afya kwa akina mama wa usharika swali hili hurudi kila mara: mbona mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, meno ya juu yametokeza na paji la uso limevimba? Wapo wanaonong'ona kwamba amelogwa. Wengine humlaumu mama kwa kumwacha anyonye kidole.

Jibu limo ndani ya mifupa. Kwa kawaida chembe nyekundu ya damu huishi siku zipatazo 120. Ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, kisha huvunjika. Uboho, yaani ute ulio ndani ya mfupa, ndio kiwanda cha chembe hizo. Hulazimika kutanuka ili kufidia upungufu. Mifupa ya mtoto ingali inakua, hivyo husukumwa: taya la juu husogea mbele, meno huachana, midomo hushindwa kufumba vizuri. Si watoto wote huwa hivyo. Na ugonjwa wenyewe hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, basi mama asibebeshwe lawama peke yake.

Sura hiyo haiui. Kinachotutia hofu ni homa. Mtoto akichemka, baadhi ya wazazi humkimbiza kwa mganga kung'olewa "meno ya plastiki". Jamani, hayo ni machipukizi ya meno ya kawaida! Jeraha hilo hupitisha vijidudu kwa mtoto ambaye bandama lake limeshadhoofika na halimkingi. Homa kwa mtoto wa selimundu ni dharura: hospitali, siku hiyo hiyo.

Taya la chini nalo huweza kuuma sana mishipa midogo ya damu inapoziba, na mara nyingine kidevu hufa ganzi. Usikubali jino zima ling'olewe kwa sababu hiyo. Mweleze daktari wa meno habari za selimundu kabla hajaanza kazi, na mtoto anywe maji ya kutosha.

Dawa ya haidroksiyurea hupunguza vipindi vya maumivu, ila hairudishi nyuma taya lililokwisha kusogea. Nyaya za kunyoosha meno zinaweza kuwekwa, kwa nguvu ndogo, mtoto akiwa na hali nzuri na daktari wake wa damu akiwa amearifiwa.