Kipindupindu na Maji Yetu

Kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 700 katika nchi jirani ya Zambia, kati ya mwisho wa 2023 na mwaka 2024, haikuwa ajabu mtu wa Tunduma kuitazama foleni ya malori mpakani kwa jicho la hofu. Tumezoea kudhani kwamba maradhi haya huja na mgeni. Dhana hiyo ina ukweli wake, lakini ni nusu ya habari, na mfanyakazi anayeishi kwa kuendesha lori au kubeba mizigo hastahili kutwishwa nusu iliyobaki.

Nusu hiyo imo majini. Zamani wataalamu waliamini kwamba kijidudu cha kipindupindu hakina makao ila tumbo la binadamu. Tangu miaka ya 1970 Bibi Rita Colwell, mtaalamu wa Marekani, pamoja na wenzake walionyesha kwamba ni kiumbe wa majini hasa, apendaye maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Hujishikiza katika magamba ya wadudu waeleao, wa jamii ya kamba, walio wadogo kuliko punje ya ulezi. Hali ya maji ikiwa mbaya kwake hujikunyata akawa kama aliyelala. Ukimtia katika chombo cha maabara haoti, na kumbe yu hai.

Jambo hili si la vitabuni tu. Katika vijiji vya Bangladesh, akina mama walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Kijidudu kimoja hupenya kitambaa, lakini yule mdudu aliyekibeba hapenyi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba wagonjwa walipungua kwa karibu nusu. (Asije mtu akaacha kuchemsha maji kwa sababu ana kanga, kuchuja ni kwa yule aliyekosa kuni.)

Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2017 watafiti walichukua sampuli 360 za samaki, za mimea midogo ieleayo na za maji katika Ziwa Viktoria, wakati ambapo hapakuwa na mlipuko mahali pale. Hata hivyo walikikuta kijidudu chenye sumu, cha aina ile ile iletayo maradhi. Ziwa lilikuwa kimya, nacho kimo.

Sasa tutazame ramani ya kwetu. Maji ya nyanda za juu za Mbozi hayakai. Sehemu yake kubwa huteremka kwa mito kama Songwe ya kaskazini hadi Ziwa Rukwa, na Rukwa ni ziwa la magadi. Katika maabara, mtu atakaye kukikuza kijidudu hiki hukitia makusudi katika maji yenye magadi, kwa kuwa vijidudu vingi vingine huyachukia. Je, si haki ya wavuvi wa Rukwa kujua ziwa lao limehifadhi nini?

Lakini tusikimbilie kuyalaani maji pia. Ziko aina zaidi ya 200 za kijidudu hiki, na ni mbili tu zijulikanazo kuleta milipuko mikubwa. Nyingi za majini hazina sumu. Sumu yenyewe huingizwa na kirusi kinachomwambukiza kijidudu. Tena uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 ulibaini kwamba mbegu ya maradhi imeingia Afrika kutoka Asia mara 11 au zaidi tangu 1970, nayo ilichukuliwa na watu. Kwa hiyo mtu huleta, maji hutunza, na choo kibovu huwaunganisha. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea nchini hadi 2018, ukapata watu zaidi ya 33,000 na kuua zaidi ya 500.

Ndiyo maana twasema kazi ya kupima maji ifanywe kabla ya ugonjwa, na mahali kama Mbozi Mission, penye hospitali na watu wengi, panafaa kuanzia. Vyombo vyake si vya anasa. Kipande cha shashi, ile ya kufungia vidonda, hufungwa kwa kamba na kuachwa kijitoni siku mbili au tatu kinase kipitacho. Kisha hulowekwa usiku kucha katika mchuzi wa magadi, na kupakwa juu ya chakula cha kijani cha maabara ambapo jamii ya kijidudu hiki huota madoa ya manjano. Baada ya hapo ndipo huulizwa kama ni aina yenye sumu. Na hilo lahitaji maabara kubwa zaidi.

Mvua za Songwe huanza Novemba. Shashi ya kwanza ingetiwa majini Oktoba, vijito vikiwa vyembamba na vyoo bado vikavu, ili ile ya Januari ipate cha kulinganishwa nacho.