Je, Tusimame au Tupite? Habari ya Msafiri Aliyekwama Njiani



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo kila msafiri hulikuta: mtu aliyeharibikiwa na gari, naye asimama kando ya njia akipunga mkono. Kulitazama ni jambo dogo, maana ni la kitambo kidogo tu, na mara gari limekwisha kupita. Walakini katika kitambo kile moyo wa mtu hupimwa, tena hupimwa pasipo kupewa nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo yafaa tufikiri sasa, tungali tumeketi nyumbani.

Sababu ya kuandika ni swali tuliloletewa na mume na mke wa Kikristo. Walikuwa wakirudi kutoka mjini usiku, na mtoto wao mwenye homa amelala nyuma. Kwenye mteremko wenye msitu pande zote mbili waliona gari limesimama, taa zake zimezimika, na mtu mmoja amesimama katikati ya njia akipunga kitambaa. Mume alipunguza mwendo, akampita kando, akaenda zake. Mke akanyamaza hata nyumbani, kisha akasema, "Baba watoto, leo tumekuwa kama yule kuhani." Mume akamjibu, "Mama watoto, nilikuwa nimekuchukua wewe na mtoto mgonjwa. Kama wangalikuwa wanyang'anyi, ungaliniambia nini?" Tangu siku ile hawakupatana juu ya neno hilo, wakatuletea sisi tuwaamue.

Hatukuwajibu upesi, kwa kuwa tuliona kila mmoja amesema kweli.

1. Njia ya Yeriko

Mke alitaja kuhani, nasi sote twajua alikomtoa: ni katika mfano wa Msamaria, Injili ya Luka, sura ya 10. Lakini wengi wetu tumeusikia mfano huo mara nyingi hata hatuioni tena njia yenyewe. Yerusalemu uko juu milimani, na Yeriko uko chini katika bonde la Yordani, chini kuliko usawa wa bahari. Katika mwendo wa zaidi ya kilomita 20 msafiri huteremka kiasi cha meta 1,000, akipita makorongo na majabali makavu yasiyo na watu. Ni mahali pa kujificha wanyang'anyi. Basi kuhani na Mlawi hawakupita katika soko lenye watu wengi. Walipita mahali pa hatari, mbele ya ushahidi kwamba hatari ile ni ya kweli.

Martin Luther King, mchungaji wa Marekani aliyewatetea watu weusi, alilieleza jambo hili katika hotuba yake ya mwisho mjini Memphis, tarehe 3 Aprili 1968. Yeye mwenyewe alikuwa amepita njia ile kwa motakaa pamoja na mkewe. Alisema yawezekana wale wawili waliogopa kwamba wanyang'anyi wangalipo karibu, au kwamba yule aliyelala chini alikuwa akijifanya tu ili awanase. Kila mmoja wao alijiuliza yatakayompata yeye akisimama. Msamaria aligeuza swali, akajiuliza yatakayompata yule mtu asiposimama. King alikwenda Memphis kwa ajili ya wachukuzi wa takataka waliokuwa wamegoma, na siku ya pili yake akauawa. Hakusema maneno hayo kama mtu asiyejua gharama yake.

Basi hofu si dhambi. Mwenye kuogopa mtego njiani si mwovu, ana macho. Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake aliwataka wawe na busara pamoja na upole, vyote viwili. Neno la kuangalia ni hili: hofu imetupeleka wapi? Je, imetufundisha namna nyingine ya kusaidia, au imetupa ruhusa ya kusahau?

2. Haraka haraka haina baraka

Tena si hofu peke yake ipitishayo watu. Mwaka 1970 katika mji wa Princeton, Marekani, wataalamu wawili, John Darley na Daniel Batson, waliwajaribu wanafunzi 40 waliokuwa wakisomea kazi ya dini. Kila mmoja aliambiwa aende nyumba ya pili akatoe hotuba. Wengine walipewa kuhubiri mfano wa Msamaria Mwema wenyewe. Wengine waliambiwa wamekwisha kuchelewa, wengine kwamba saa ndiyo imefika, wengine kwamba nafasi ingalipo. Njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, akikohoa na kuugua. Katika wale waliokuwa na nafasi, 63 katika kila 100 walimsaidia. Katika wale wa katikati, 45. Katika wale waliochelewa, 10 tu. Na kule kubeba mfano wa Msamaria kichwani hakukuonekana kuleta tofauti kubwa. Wengine walimpita mgonjwa wakienda kuwahubiri watu wasiwapite wagonjwa.

Habari hii yatupasa kuisoma kwa unyenyekevu, hasa sisi tufundishao wengine. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, nasi tulidhani wasema habari ya kazi na ya chakula. Kumbe ni habari ya mapendo pia. Mtu aliyeondoka nyumbani amechelewa amekwisha kuamua, kabla hajamwona mwenye shida, kwamba atampita. Kwa hiyo kuondoka mapema ni sehemu ya wema.

3. Punda wa adui

Watu wengine hudhani kwamba mfano wa Msamaria wahusu mtu aliyejeruhiwa tu, na kwamba aliyepasukiwa na tairi si shauri letu. Lakini katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, sheria ya Musa yaamuru mtu akimwona punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo, asimwache, bali amsaidie mwenyewe kumwinua. Ndilo gari bovu hili hasa. Mwenyewe hakujeruhiwa, mzigo umemlemea tu, na jua latua. Tena sheria haikusema punda wa ndugu, ilisema wa adui. Basi tusiulize kwanza kabila la dereva, wala kama anakwenda kanisani au msikitini.

Serikali nayo ina sheria, lakini sheria yake yamshika hasa dereva aliyehusika katika ajali: yampasa asimame, asaidie, apeleke habari. Mpita njia sheria hiyo haimgusi sana. Yeye ameachiwa dhamiri yake.

4. Jawabu letu

Basi tuliwajibu wale wawili hivi. Baba hakukosa kwa kutosimama. Usiku, msituni, pamoja na mke na mtoto mgonjwa, mbele ya gari lisilo na taa, hakuwa na njia ya kupambanua mwenye shida na mwenye hila. Msamaria alikuwa peke yake na mnyama wake. Aliyoihatarisha ilikuwa roho yake mwenyewe. Baba wa nyumba hana ruhusa ya kuihatarisha roho ya mtoto kama vile aihatarishavyo yake.

Lakini mama naye hakukosa, kwa kuwa mapendo hayaishii pale gari linapopita. Tulimwuliza mume, "Ulipofika penye watu, ulimwambia nani?" Akasema, "Sikumwambia mtu." Katika mkoba wake ilikuwamo simu. Mbele yao palikuwa na kituo cha mafuta chenye walinzi, na kijiji chenye watu wangali macho. Neno moja lingalitosha: mahali fulani, kwenye mteremko, pana gari bovu na mtu. Hapo ndipo tulipoona upungufu. Msamaria mwenyewe hakufanya yote: alimfikisha mtu kwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akamwachia mwenye nyumba kazi iliyobaki, akaahidi kulipa zaidi arudipo. Asiyeweza kusimama aweza kupeleka habari. Katika Tanzania na Kenya namba 112 huwafikia polisi.

Wote wawili walikubali neno hilo. Wakapatana kwamba tangu sasa baba ataamua kusimama au kupita, na mama atapiga simu, asingoje kuambiwa.

5. Mashauri kwa msafiri

Kwanza, mchana penye watu, simama. Hapo hofu haina nguvu, na mara nyingi shida ni ndogo: jeki, spana, maji, au kumchukua utingo mpaka kwa fundi.

Pili, usiku au mahali pa upweke, usishuke upesi. Tazama kama mbele pamewekwa mawe au gogo la kuziba njia, kama wako watu wanaojificha, kama habari yao yapatana na uyaonayo. Ukiwa na shaka, endelea mbele, kisha peleka habari.

Tatu, mbugani sheria ni nyingine. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa yapita kiasi cha kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na simba hawaulizi nani amekuja kusaidia. Usishuke. Sema na aliyekwama dirisha kwa dirisha, kisha wape habari askari wa hifadhi.

Nne, ukisimama, usiwe wewe ajali ya pili. Egesha kando kabisa, washa taa za kuonya, weka pembetatu nyekundu mbali nyuma. Katika kona kama za mlima Kitonga lori literemkalo haliwezi kusimama ghafula. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Zuia magurudumu kwa mawe. Usifungue kifuniko cha rejeta ingali moto.

Tano, kama wako majeruhi, usiwavute wala kuwakunja, ila pakiwa na moto au hatari nyingine ya kuwaua pale pale, maana aliyevunjika uti wa mgongo aweza kupooza kwa mikono ya waliomhurumia. Jeraha litokalo damu likandamize kwa nguo safi, nawe jikinge mikono, hata kwa mfuko wa plastiki.

Sita, matawi ya miti. Ni desturi yetu njema kutandaza matawi barabarani kuwaonya wajao. Lakini gari likiisha kutengenezwa, wenyewe huondoka na kuacha matawi na mawe pale pale, na usiku mwenye pikipiki huyagonga akafa. Aliyesaidiwa asiwe mtego kwa mwingine.

6. Neno kwa wakaao kando ya barabara

Hatuwezi kuwaambia wasafiri tu. Wengi wenu nyumba zenu ziko kando ya njia kuu, nanyi ndinyi nyumba ya wageni ya mfano ule. Yasikitisha kusikia kwamba mahali pengine vijana hutia maji katika shimo la matope ili magari yanase, kisha hudai fedha za kuyasukuma. Kupokea ujira wa haki kwa kazi ya nguvu si dhambi. Kuitengeneza shida ili kuiuza ni wizi. Na kumpekua mtu aliyezimia katika basi lililoanguka, ili kumtwalia simu yake, ndiyo kazi ya wale wanyang'anyi wa Yeriko, nayo hufanywa mchana.

Tena liko neno la kufa na kupona. Lori la mafuta likipinduka, msilikaribie. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan katika Kenya watu walikwenda kuchota petroli kwenye lori lililoanguka. Moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Tarehe 2 Julai 2010 huko Sange, katika Kivu ya Kusini, Congo, walikufa zaidi ya 230. Tarehe 10 Agosti 2019 huko Msamvu, Morogoro, walikufa tena zaidi ya 100. Mvuke wa petroli hauonekani. Hutambaa chini kama maji, na cheche moja ya pikipiki yautosha. Katika mahali hapo msaada ni kuwarudisha watu nyuma, mbali, na kuita zimamoto. Akina mama, wakatazeni watoto wasichukue madumu kwenda huko. Kwa maana umaskini ni mzigo mzito, twajua, lakini galoni moja ya petroli haijapata kulisha yatima.

7. Kazi ya mwezi huu

Twaomba kila nyumba ya Kikristo iketi jioni moja na kukubaliana. Wenye gari waweke ndani maji, kamba, tochi, nguo safi na pembetatu. Wapandao basi wajue kwamba abiria naye ana kinywa, aweza kumwambia dereva, "Ndugu, yule mzee ameketi pale na watoto, tumwulize." Wakaao kando ya njia wachague watu wawili au watatu waaminifu wa kuitwa usiku, ili asiende mmoja peke yake. Na wote wandike namba ya polisi mahali ionekanapo.

Bwana atujalie macho ya kuona hatari, na moyo usiofanya hatari kuwa udhuru. Amina.