Matungu na Mnunuzi Mmoja

Ukipita Koyonzo, Mayoni au Kholera katika eneo bunge la Matungu, magharibi mwa Kenya, ni miwa kulia, miwa kushoto. Haikuenea hivyo kwa bahati. Serikali iliunda Kampuni ya Sukari ya Mumias mwaka 1971, na kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973 chini ya usimamizi wa Booker McConnell ya Uingereza. Imani ya wapangaji wa enzi hiyo ilikuwa nyepesi: jenga kiwanda kikubwa mashambani, wakulima wadogo wakizungushie miwa, maendeleo yatajileta.

Kwa kweli yalijileta. Mwenye ekari mbili alilimiwa shamba, akapewa mbegu na mbolea kwa mkopo; miwa ikiiva ilikatwa, ikapakiwa kwenye trekta hadi mizani, kisha gharama zote zikaondolewa kwenye malipo. Karo ikalipwa, nyumba zikaezekwa mabati. Enzi za neema, Mumias ilitoa zaidi ya nusu ya sukari ya Kenya, na kuanzia 2009 ikauzia gridi ya taifa megawati 26 za umeme uliotokana na kuchoma makapi ya miwa.

Shida imo ndani ya muwa wenyewe. Hukaa shambani miezi 18 au zaidi, na ukishakatwa sukari yake hupungua kila siku inayopita. Mkulima wa mahindi anaweza kufunga ghala akangoja bei ipande. Wa miwa hangoji. Anamtegemea mwenye kinu aliye karibu, na huyo ndiye mwenye ratiba, mizani na kalamu. Walikuwepo waliovuna, makato yakajumlishwa, wakajikuta wao ndio wadaiwa. Huku ekari zote zikiwa za miwa, unga wa ugali ulitoka sokoni.

Hisa za kampuni ziliingia soko la Nairobi mwaka 2001. Miaka ya baadaye ikaja na usimamizi mbovu, madeni na sukari rahisi kutoka nje, na wakulima wakaachwa bila malipo yao. Septemba 2019 benki ya KCB ikamweka meneja mrasimu kusimamia kampuni. Mwishoni mwa 2021 kiwanda kikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda, na kesi zikafuatana mahakamani.

Kampuni nyingine ingefilisika kimya. Mumias ilianguka na soko la maelfu ya familia. Kilichowaokoa wengi ni ushindani uliochelewa: malori ya viwanda vingine, kama West Kenya na Butali, yalifika mashambani kutafuta miwa. Ila ushindani huo nao ulizaa tabia ya kukata miwa michanga. Sheria ya Sukari ya 2024 imerudisha Bodi ya Sukari na mipaka ya maeneo ya kuvuna, na Julai 2025 bodi hiyo ikasimamisha usagaji magharibi mwa Kenya kwa miezi mitatu ili miwa ikomae. Miwa ilipata nafasi ya kukua. Karo ya muhula wa tatu haikusimamishwa.